Mwanamke wa Nyuma Kwenye Tangazo la Sabuni

Denise tumemzika Jumamosi iliyopita, na tangu siku hiyo chakula hakinipiti vizuri. Baada ya mazishi tulikaribishwa kwenye ukumbi wa kanisa lao pale Greenbelt, tukapewa kuku wa kukaanga, makaroni yenye jibini, maharage mabichi yaliyopikwa mpaka yakalegea, na chai ya baridi yenye sukari nyingi. Nilikaa peke yangu karibu na meza ya walimu wastaafu waliofundisha naye. Walikuwa wakimsifu kwa ukali wake, jinsi alivyosimama mlangoni mwa shule kila asubuhi akiwapa watoto mkono. Mmoja akasema, "Lakini hakupenda kupigwa picha kabisa. Siku ya picha ya walimu alikuwa anashika kamera yeye." Wenzake wakatikisa vichwa wakitabasamu, kama mtu anavyotabasamu kwa tabia ndogo ya marehemu isiyomdhuru yeyote. Kwenye kijitabu cha ibada mama yake alitajwa kwa mstari mmoja tu: Ernestine, marehemu. Niliusoma mstari ule mara nyingi kuliko zaburi zote. Nilitazama watu waliojaa ukumbini nikaona kwamba huenda mimi peke yangu nilimfahamu huyo mama, nami nilikaa naye mwaka mmoja tu, nikiwa na miaka ishirini na tatu.

Nilikuwa mwanafunzi, nimefika Maryland sijui kuvaa koti la baridi, na chumba nilichopangishiwa mwanzo kilikuwa na watu wengi kuliko vitanda. Aliyenitoa huko ni Wambui, Mkenya wa Nyeri aliyekuwa akihudumia wazee kwenye kituo kimoja Wheaton, ambaye nilimjua kwenye kwaya ya Waswahili. Siku moja baada ya mazoezi akaniambia, "Rehema, kuna mzee mwingine ako Adelphi, anatafuta msichana wa kukaa huko chini kwa basement. Mtu mzuri sana. Lakini ako na picha fulani kwa kitchen, usishtuke. Mimi niliona nikadrop kikombe." Nikamuuliza ni picha gani. Akasema, "Wewe utaiona tu."

Niliiona siku ileile. Nyumba ilikuwa ya matofali mekundu, kwenye kijia nyuma ya University Boulevard, na mlango wake wa nyuma uliingia moja kwa moja jikoni. Ukutani, juu ya meza ya kulia chakula, ndani ya fremu ya mbao, palikuwa na ukurasa uliokatwa kwenye gazeti la kina mama la miaka ya hamsini. Mbele alisimama mwanamke wa Kizungu mwenye kiuno chembamba, gauni la maua na mkufu wa lulu, ameshika shuka jeupe kama amekabidhiwa tuzo. Nyuma yake, nusu amefichwa na shuka lile, palikuwa na mwanamke mweusi mnene aliyefunga kitambaa kichwani, kapu la nguo kiunoni, mdomo wazi kwa kicheko. Chini yao pakiti ya sabuni ya unga. Na kando ya kichwa cha yule wa nyuma waliandika maneno, kwa Kiingereza kilichovunjwa makusudi, ili ionekane hajui kusema. Nikiyatafsiri leo yanatoka kwenye kile Kiswahili ambacho walowezi walidhani ndicho chetu: "Memsabu, hii shuka nangaa sana, mimi nataka cheka siku yote!" Nilisimama na begi langu mkononi. Mwenye nyumba alikuwa mwanamke mwembamba, mrefu, mwenye miwani na sauti ya chini. Akanitazama nikitazama. "Ndiyo," akasema, "ni mimi." Kisha akaniuliza kama nakula nyama ya nguruwe.

Watu wote mtaani walimwita Miss Ernestine. Nilimwambia kwamba kwetu siwezi kumwita mtu wa umri wake kwa jina lake mbele yake, na kama anakubali nitamwita Mama. Alikuwa anakausha sahani. Aliendelea kuikausha ile sahani moja kwa muda mrefu, akasema, "Ita." Humu nitamwandika Bi Ernestine, lakini mdomoni mwangu alikuwa Mama tangu wiki ile. Asubuhi alinipikia uji mzito wa mahindi wenye siagi, akaketi mbele yangu na kahawa yake, na kile kicheko kikawa juu ya vichwa vyetu wote wawili. Mwanzo nilikula nikiwa nimeinamia bakuli. Baadaye nikaanza kukizoea, kisha nikaanza kukilinganisha na uso wake, nikiona havifanani hata kidogo. Mwanamke wa pichani alikuwa na mashavu ya duara na mikono minene. Bi Ernestine hata kwenye picha yake ya harusi, iliyokuwa sebuleni, alikuwa mwembamba kama mshumaa.

Huko nyumbani matangazo ya sabuni niliyaona kwenye kuta za maduka tangu sijajua kusoma: mama wa kitenge ameinua shati jeupe la mumewe, mume amesimama pembeni anaridhika. Nilipenda rangi zake. Sikuwahi kujiuliza kwa nini kwenye picha zile mwanaume alikuwa amesimama na mwanamke ameinama kwenye beseni. Muhula ule nikajikuta kwenye somo la historia ya matangazo, ambalo nililichagua kwa sababu saa zake zilinifaa, na mhadhiri alitufungia mapazia akatuonyesha slaidi moja baada ya nyingine: wanawake wanaocheza na mifagio, wanawake waliopiga magoti mbele ya majiko kama wanasali, wanawake wanaolia kwa aibu kwa sababu kola ya mume ina mstari mweusi. Darasa lilicheka, nami nilicheka. Halafu ikaja picha ya jikoni kwetu. Nasema kwetu kwa sababu ndivyo nilivyohisi: shuka, kapu, kitambaa. Wachache walicheka tena, waliposoma yale maneno. Mhadhiri akasema wanawake weusi waliingia kwenye matangazo yale kwa mlango wa nyuma tu, wakapewa umbo moja na sauti moja, na kwamba kwa kawaida hatujui hata majina yao. Jina lisilokuwa langu sikuona kama ni haki yangu kulitaja mbele ya watu wanaocheka.

Jioni nilimweleza. Alikuwa amepika mboga za majani na mkia wa ng'ombe. Akaweka uma chini.

"Walicheka?"

"Baadhi yao, Mama."

"Walicheka wapi?"

"Kwenye maneno."

"Basi hapo ndipo pametengenezwa pachekwe," akasema. "Hawana kosa, wanafuata maagizo." Akala kidogo. Kisha akasema bila kunitazama, "Mwambie mwalimu wako kwamba huyo mwanamke yuko hai, yuko Adelphi, na akialikwa atakuja."

Ndipo akaanza kunieleza, jioni baada ya jioni, tukiwa tunakunja nguo au tunamenya viazi. Wakati ule alikuwa karani wa kupiga chapa kwenye ofisi moja mjini Washington, kazi ambayo kwa mwanamke mweusi ilikuwa ya kujivunia, na alikuwa mjane mwenye binti mmoja, Denise, aliyekuwa ameanza shule. Mpiga picha alikuja kanisani kwao akitafuta sura. Alimwambia kampuni ya sabuni inataka mwanamke wa kisasa, mwenye heshima, anayejua kuchagua. Bi Ernestine alijishonea gauni la bluu kwa ajili ya siku hiyo. Na kweli, walimpiga kwanza akiwa na gauni lake, amekaa kwenye kiti, pakiti mkononi. Kisha wakamwomba akae kidogo, kuna picha nyingine. Wakamletea kitambaa na aproni. Wakamfunga mito miwili, mmoja tumboni na mmoja nyuma. Wakampaka usoni rangi nyeusi kuliko yake. "Nilidhani ni ya kujaribu taa," alisema. Yule Mzungu wa mbele alikuwa msichana kutoka Baltimore mwenye homa, amesimama juu ya viatu virefu tangu asubuhi, gauni limebanwa mgongoni kwa vibanio vya nguo ili kiuno kionekane. Walipopumzika walikutana kwenye ngazi za nyuma, maana ndani wasingeweza kula meza moja, msichana akamgawia nusu ya mkate wake. "Nikamuuliza ile sabuni yao ni nzuri kweli kwenye mashine ya kufulia? Akaniambia hajui, nyumbani kwao wanafua kwa mikono."

Picha ya gauni la bluu haikutoka popote. Alikuwa ameshawaambia watu wote wa kanisani na ofisini wangoje gazeti. Lilipofika, alienda kwenye ofisi ya kampuni ile kudai maneno yale yaondolewe kinywani mwake, akaambiwa na mlinzi kwamba wapishi wanapita mlango wa nyuma. Malalamiko yake yakafika kazini kwake kabla yeye hajafika, na kazi ya kupiga chapa ikaisha. Tangu hapo akawa anashona mapazia ya watu.

"Denise anayajua haya?" nilimuuliza.

"Denise alikuwa mtoto. Sikutaka aogope dunia mapema. Alipokua nikataka kumwambia, lakini kila nikianza, anachukua koti lake."

Nami nilimwona akilichukua. Denise alikuwa msaidizi wa mwalimu mkuu huko Greenbelt, anavaa suti za rangi ya kijivu, na alikuja Jumapili mojamoja. Alikaa upande wa meza unaoipa picha mgongo. Bomba la hewa ya moto lililotoka jikoni lilipita juu ya kitanda changu, kwa hiyo hata nilipowaachia nafasi na kushuka chini, mazungumzo yao yalinifuata. Jumapili ile, baada ya mhadhiri kujibu kwa furaha kwamba atamkaribisha Bi Ernestine mbele ya chuo kizima, nilimsikia akimwambia bintiye habari hiyo.

"Utasimama mbele ya watu na picha ile?" sauti ya Denise ilikuwa tulivu, ile ya kuzungumza na mtoto aliyekosa. "Kwa nini uliiweka ukutani miaka yote? Watu wengine wangeichoma."

"Njoo usikilize. Nitaeleza huko."

"Unajua mwalimu wangu alifanya nini? Nilikuwa mtoto mweusi peke yangu darasani. Aliibandika ubaoni kwenye somo la kazi za watu, akaniambia nisome maneno yako kwa sauti. Nikayasoma. Nikayasoma vizuri, kwa sababu ulinifundisha kumtii mwalimu."

Kijiko kiligusa sahani.

"Hukuniambia," Bi Ernestine akasema.

"Nilirudi nyumbani nikaikuta ukutani. Ningekuambia nini?"

"Njoo, Denise. Siku moja tu. Nitakuwekea kiti."

Nikasikia koti likichukuliwa kwenye msumari, halafu mlango.

Kwa muda uliobaki Bi Ernestine alishona. Alinunua kitambaa cha bluu Wheaton, akalikata gauni kwa kukumbuka lile la zamani, na nilipotoka darasani nilikuta nyuzi za bluu kwenye sakafu ya jikoni na hata kwenye siagi. Siku ya mhadhara Wambui alitupeleka kwa gari lake bovu. Ukumbi ulijaa. Nilikaa mstari wa mbele, na kwenye kiti cha kushoto kwangu Bi Ernestine aliweka mkoba wake, akaniambia nisimruhusu mtu akae hapo. Mhadhiri alitaka kuzima projekta wakati wa kuzungumza, kwa heshima. Bi Ernestine akamkataza. Alisimama kando ya ile picha kubwa, yule mnene na yule mwembamba, akasimulia yote niliyoyasikia jikoni: gauni, mito, rangi, msichana wa Baltimore, mlinzi. Hakuinua sauti. Kisha akasema jambo ambalo hakuwahi kuniambia hata mimi.

Alisema mpiga picha alitaka acheke, naye hakuweza, kwa kuwa alikwisha elewa wanamfanya nini. Walijaribu mara nyingi, taa zinawachoma. Hatimaye yule mtu akamwambia, wewe mama, fikiria kitu chochote kinachokuchekesha. Akafikiria asubuhi ya siku ile, bintiye akijivalisha mwenyewe kwa mara ya kwanza, ameingiza miguu yote miwili kwenye mguu mmoja wa suruali, anaruka chumbani kama sungura huku akisema yuko tayari kwenda shule. "Unene huu si wangu," Bi Ernestine alisema, akigusa ukuta uliokuwa na mwanga. "Weusi huu si wangu. Maneno haya si yangu, na kitambaa walikirudisha kabatini. Lakini kicheko ni changu. Hapo namcheka mwanangu. Sina picha nyingine niliyopigwa nikimwaza yeye, ndiyo maana sikuichoma." Watu wakasimama wote. Mkoba wake ulikuwa bado kwenye kiti.

Njiani kurudi alimwomba Wambui apitie Greenbelt. Ilikuwa alasiri, jua la mwisho wa baridi, na Denise alikuwa mbele ya nyumba yake akitoa mifuko ya vyakula kwenye buti la gari. Hakutuona. Alikuwa amevaa sweta la nyumbani, nywele amezifunga, na bila zile suti alionekana mdogo.

Wambui akapunguza mwendo. "Nisimame, Mama?"

Bi Ernestine alimtazama bintiye mpaka alipoingia ndani na mfuko wa mwisho. "Endelea," akasema. "Asije akadhani nimekuja kumlaumu."

Haikupita wiki mbili. Nilitoka darasani nikamkuta sakafuni, kati ya sinki na meza, macho wazi. Kiharusi kilimchukua upande mmoja na sauti yote. Alipotoka hospitali walimpeleka Wheaton, kwenye kituo cha Wambui, na Denise akawa anakuja kila siku akitoka shuleni, bado na kadi ya jina kifuani. Alimlisha mama yake kwa kijiko. Alimkata kucha. Alimsomea barua za kanisa. Bi Ernestine alimtazama tu, na mara nyingine alifungua mdomo, ikatoka sauti isiyokuwa neno, na Denise akainama karibu sana, akangoja, halafu akajiinua pole pole. Wambui aliniita kando. "Mwambie," akasema. "Mwambie yale mzee alisema siku hiyo. Huyu dada anaumia, anadhani mama yake alimkasirikia."

Nilimwambia kwenye korido, karibu na mashine ya kuuza soda. Nilimweleza yote kwa mpangilio aliotumia mama yake, kwa sababu niliona si kazi yangu kuyapanga upya. Nilipofika kwenye suruali, Denise aliweka mkono ukutani. Alisema, "Ilikuwa na mistari ya kijani." Kisha akatoka nje bila koti, na kupitia dirishani nilimwona ameketi kwenye gari lake, mikono kwenye usukani, gari halijawashwa. Aliporudi alifunga mlango wa chumba cha mama yake nyuma yake. Sijui yaliyopita kati yao mle ndani. Najua kwamba Bi Ernestine hakuweza kumjibu, kwa sababu siku zile hata kushika kidole cha mtu hakuweza tena. Alifariki kabla miti ya cherry haijamaliza kuchanua, asubuhi, Denise akiwa njiani kuja.

Nimekaa nchi hii miaka mingi tangu wakati huo. Nimeolewa hapa, nimezaa hapa, nimewazika watu hapa. Ninapopita kwenye rafu za sabuni naona wanawake wa sasa wa kwenye pakiti, wa kila rangi, wanatabasamu bila vitambaa vichwani, na watu husema tumetoka mbali. Labda. Mimi kila nikiona tabasamu la mtu kwenye pakiti huwa najiuliza alikuwa anamfikiria nani, na kama huyo mtu aliwahi kuambiwa.

Denise aliniruhusu nibaki mpaka muhula uishe. Nyumba ilikuwa inauzwa. Ile picha aliitoa mwenyewe ukutani, akaizungushia shuka, akaibeba kwenye gari, wala sikuwahi kumuuliza aliiweka wapi. Jumapili alikuja kama zamani, lakini sasa alikaa kwenye kiti cha mama yake, nami nilipika uji ule wa mahindi, si vizuri, tukala. Kila Jumapili aliniambia, "Nieleze tena." Nikamweleza. Aliuliza mama yake alivaa nini, nikamwambia. Aliuliza alisimama upande gani wa picha, alishika nini mkononi, watu walikuwa wangapi, kama alichoka. Hakuandika chochote. Alisikiliza kama wanavyosikiliza watoto hadithi waliyokwisha kuijua, wakikusahihisha ukiruka sehemu.

Jumapili ya mwisho jikoni hapakuwa na kitu tena ila meza na viti viwili. Nilimsimulia kama kawaida, mpaka mwisho. Kisha akauliza swali ambalo hakuwa ameliuliza kabla.

"Aliposema kile ni kicheko chake, alipokuwa akieleza habari zangu na ile suruali. Alicheka?"

Ningeweza kumwambia ndiyo. Ingekuwa rahisi, na hapakuwa na mtu wa kunikanusha. Lakini alikuwa amenitazama kwa macho ya mama yake, nikashindwa.

"Hapana," nikasema. "Alikuwa anatazama mlango."

Denise akaitikia kwa kichwa. Akachukua bakuli langu na lake, akayaosha, akayafuta, na kwa kuwa hapakuwa tena na kabati la kuyaweka, akabaki ameyashika.